Treni ya Mpanda iko wapi? Wanajua, hawasemi!

Ndugu msomaji wa Nsemulwa, siku ya treni unaijua. Mwenye bodaboda kazima pikipiki pale stesheni, kuli kakalia gunia, mama lishe keshabandika sufuria. Ukiuliza treni iko wapi unajibiwa, "Inakuja." Kuja itakuja, lakini saa ngapi?

Usikubali kuambiwa kwamba hakuna anayejua. Reli hii ya kutoka Kaliua, kilomita 210, waliijenga Waingereza kwa kufuata madini ya risasi. Ni njia moja tu, kwa hiyo treni haiondoki stesheni mpaka ipate ruhusa ya kuingia njia iliyo mbele, la sivyo zitagongana. Maana yake, ikipita Ugalla kuna mtu kaandika saa. Ikipita Katumba, kuna mtu kaandika saa. Taarifa ipo! Inaishia kwenye daftari la wakubwa.

Hapa hatudai SGR, ile iliyoanza kubeba abiria wa Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Waile raha. Tunachodai ni mstari mmoja kwenye tovuti ya TRC: treni imepita wapi, saa ngapi, imechelewa kiasi gani. Maandishi matupu, ambayo hata simu ya bei ya kutupa itafungua. Picha za vigogo wakikata utepe wabaki nazo, zinatumalizia bando. Na mlalahoi mwenye simu ya tochi atumiwe ujumbe mfupi.

Watasema mvua inakata reli. Sawa, mvua hatuwalaumu. Lakini ni mvua gani inayomzuia mtu kusema treni imekwama?

Tena taarifa hiyo iachwe wazi, kijana yeyote anayejua kompyuta aichukue aitengenezee programu. Nairobi wanafunzi walipanda matatu na simu mkononi, wakanakili njia na vituo, ramani ikatoka 2014 na kugawiwa bure. Baadaye hata Google waliitumia. Na hao walianza bila ratiba yoyote! TRC saa wanaziandika wenyewe.

Mabasi nayo yamefungwa vifaa vinavyoieleza LATRA basi liko wapi na linakimbia kiasi gani. Basi la mtu binafsi linafuatiliwa, treni ya umma inashindikana vipi?

Diwani akipita kijiweni kwenu wiki hii, msimwombe soda. Mwulizeni kama amewahi kuipeleka hoja hii kwenye baraza la madiwani, na TRC walimjibu nini.