Twendeni Tukampokee Mama

Mnakumbuka tulipokuwa watoto? Mama akionekana kwa mbali anarudi sokoni, tulikimbizana njiani, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kumpokea. Hakuna aliyetutuma. Mkubwa alichukua kapu, mdogo aling'ang'ania hata fungu la mchicha, na mama aliingia nyumbani mikono mitupu, akitabasamu.

Leo nataka tumzungumzie mama tunayemwona kila siku, ingawa mzigo wake umejificha nyuma ya sufuria. Ni mama lishe.

Yupo mmoja ambaye mimi ni mteja wake wa miaka mingi, karibu na stendi ya daladala hapa Dar es Salaam. Saa kumi usiku ameshaamka. Unga wa maandazi aliukanda kabla ya kulala, sasa umeumuka. Maharage yamelowekwa. Anawasha mkaa, anakaanga, anachemsha chai, na katikati ya hayo anamwamsha mwanawe wa shule. Saa kumi na mbili asubuhi madereva na makondakta wameshajaza benchi lake. Mchana ni wali, ugali, dagaa na mboga za majani. Jioni anasugua masufuria, anapita sokoni, kisha anarudi nyumbani kupika tena.

Kwa jiko hilo amesomesha watoto watatu. Ni kweli kwamba tangu 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Tunashukuru. Lakini sare, madaftari, viatu na nauli ya kila asubuhi vinatoka wapi? Vinatoka kwenye andazi mojamoja. Wasichana wawili wa mtaani waliokuwa wakimsaidia kuosha vyombo leo kila mmoja ana meza yake ya chakula. Hakuwapa hotuba yoyote. Walimtazama tu akifanya kazi.

Wala kazi hii ya mama lishe si ya jana. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipokuwa akiwaita wanawake wa Dar es Salaam waingie TANU, chama kilichopigania uhuru, aliwaendea katika vikundi vyao vya ngoma, na miongoni mwao walikuwamo waliojipatia riziki kwa kupika na kuuza maandazi na vitumbua. Nafikiri tunapoitaja historia ya uhuru tuikumbuke na mikono ile iliyokuwa na unga.

Wengi wetu bado tunamwita mama ntilie. Jina hilo tulimpa sisi wateja: "Mama, n'tilie wali!" Miaka yote tumemwomba atutilie. Je, sisi tunamtilia nini?

Tuanze na lile lililo rahisi, ambalo kwake ndilo kubwa: tumlipe siku ileile. Najua hakuna anayekopa sahani ya wali kwa nia mbaya. Mshahara umechelewa, mfukoni kuna nauli tu, na mama ana huruma. Lakini mtaji wake ni mdogo, nao unazunguka kila siku. Fedha ya mchana huu ndiyo inayonunua unga, mafuta na mkaa wa kesho, na ndiyo anayoipeleka kwenye mchezo na wenzake, akingoja zamu yake ya kupokea. Wateja watano wakisema "nitakupa mwisho wa mwezi", kesho anakanda unga pungufu. Je, una deni kwenye daftari lake? Pita leo ulipe. Hatakuuliza ulikuwa wapi.

Wewe unayefanya kazi ofisini, unajua kuandika barua na kujaza fomu. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya wanawake. Akina mama wengi wamesikia habari hiyo, ila kuandika katiba ya kikundi kunawatatiza. Unaweza kukaa nao Jumamosi moja, mkaandika pamoja, kisha ukawasindikiza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata?

Na moshi je? Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Wanetu mliokwishaanza kazi, kabla ya kumnunulia mama kitenge cha sikukuu, mwulizeni kama angependa jiko la gesi. Kitenge atakipenda pia, lakini macho yake yamevumilia mkaa siku nyingi.

Akina baba wenzangu, ndoo ya maji haichagui bega. Tukiteka maji usiku, mama anapata usingizi wa nusu saa zaidi. Kijana wa kiume akijifunza kukanda unga, atakuwa amepungukiwa na nini? Na watoto, sahani mnazoweza kuosha zisimngoje mama.

Jioni hii atashuka kwenye daladala akiwa na masufuria yake ndani ya beseni na mfuko wa unga mkononi. Kituo anachoshukia mnakijua.