Kanda Zako Ziko Wapi?

Mwaka 1991 vijana wa Marekani walipokuwa wakirukaruka kwa roki ya Nirvana na R.E.M., sisi huku shirika letu la redio lilikuwa moja tu, KBC. Capital FM ilikuja Nairobi mwaka 1996.

Pale Malili, kando ya barabara kuu ya Mombasa, raha ilikuwa benga ya Kikamba. Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers alifariki mwaka 1987, lakini sauti yake haikufa. Aliimba Kikamba na Kiswahili, hata wasio Wakamba wakacheza. Wimbo ukianza redioni, kijana alikimbilia kubonyeza rekoda. Betri zikichoka, zilianikwa juani!

Leo Malili ni jirani wa jiji la teknolojia la Konza, lililozinduliwa mwaka 2013, ilhali kanda zile zinaota kuvu sandukuni. Utepe ukiharibika, wimbo umekwenda. Mzazi, mpelekee fundi azinakili mapema. Nawe mwanafunzi, muulize baba alicheza wimbo gani. Nyimbo za Nirvana zina watunzaji wengi. Hizi zetu zinatungoja sisi.

Jumapili njema.