Mali ya Nani? Nembo na Vibandiko kwenye Vipakatalishi vya Kazi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangaliishi hadi zama zetu, wangalistaajabu kuona chema nacho kikijitembeza, tena mikononi mwa mtu aliyekwisha kukilipia. Hebu, msomaji, kitazame kipakatalishi cha afisa yeyote aliyeketi mkutanoni. Kwenye kifuniko pana nembo ya mtengenezaji. Chini ya skrini pana jina lake kwa mara ya pili. Kando ya kibodi, pale viganja vinapopumzikia, pana vibandiko viwili au vitatu: cha kichakataji, cha mfumo endeshi na pengine cha kadi ya michoro. Hiki ni chombo cha kazi. Mwenyewe amekigharimia, au amegharimiwa na mwajiri wake. Mbona basi kinanena kwa niaba ya wengine?

Ili tulielewe suala hili, yafaa tuangalie chimbuko la vibandiko hivyo. Mnamo mwaka wa 1991 kampuni ya Intel ilianzisha kampeni ya "Intel Inside". Kichakataji ni kijisehemu kilichofichika ndani ya mashine, na mnunuzi wa kawaida hakuwahi kukiona wala kukiulizia. Intel ilijitolea kuwachangia watengenezaji wa tarakilishi gharama za matangazo, mradi waionyeshe nembo yake. Baada ya muda, watu wasioijua kazi ya kichakataji walianza kukidai kwa jina dukani. Kibiashara, huo ulikuwa ujanja wa kupigiwa mfano. Hata hivyo, tusisahau kwamba mapatano yalikuwa kati ya wauzaji wawili. Mnunuzi hakuwapo, ilhali ndiye aliyeachiwa tangazo lenyewe alibebe kwa miaka yote ya kukitumia chombo chake.

Nembo ya kifunikoni nayo ina kisa chake. Katika vipakatalishi vya awali vya Apple, tufaha lilimwelekea mwenye mashine kifuniko kikiwa kimefungwa. Alipokifungua, waliomkabili waliliona limepinduka. Baadaye kampuni iligeuza nembo hiyo ili isimame wima machoni pa watazamaji, hata kama mwenyewe angeiona imepinduka kabla ya kufungua. Leo nembo za wengi husimama vivyo hivyo. Badiliko hili laonekana dogo, lakini linatufunulia mengi: nembo ilimpa kisogo mnunuzi ikawageukia wapita njia. Tangu hapo mwenye mashine amekuwa nguzo ya bango.

Yamkini wapo watakaosema kuwa nembo ni dhamana. Katika soko lililojaa bidhaa bandia, jina la mtengenezaji humkinga mnunuzi, na kibandiko humweleza asiye mtaalamu kilichomo ndani. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Walakini dhamana haihitaji ukubwa wala kurudiwarudiwa. Maelezo ya kibandiko humfaa mtu akiwa dukani. Akishalipa na kuondoka, hayamfai tena. Zaidi ya hayo, mashine nzuri hutambulikana kwa umbo. ThinkPad, iliyozinduliwa na IBM mwaka wa 1992 kwa usanifu wa Richard Sapper, ni kisanduku cheusi chenye kidude chekundu katikati ya kibodi. Hata baada ya Lenovo kukinunua kitengo hicho mwaka wa 2005, aliyeizoea aliweza kuitambua kutoka mbali bila kusoma neno lolote. Nao Apple walipoanza kutumia vichakataji vya Intel mwaka wa 2006, hawakuvibandika vibandiko vyake kando ya kibodi. Biashara yao haikufa.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wapenzi wa Kiswahili? Kwa sababu utamaduni wetu una busara ya muda mrefu kuhusu maandishi juu ya vitu. Chukua leso, au kanga kama waitavyo wengine. Mwanamke wa pwani huichagua kwa jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na kwa maneno hayo humpasha jirani, humshukuru mama au humtuliza mume. Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake Mombasa mwaka wa 1887, alijulikana kwa jina la Abdulla, na leso za nyumba hiyo ya biashara huwa na maneno "Mali ya Abdulla". Lakini maneno hayo huwekwa ukingoni, kwa herufi ndogo. Jina la leso ndilo hupewa nafasi ya heshima, kwa kuwa ndilo kauli ya mvaaji. Hakuna aliyewahi kudhani kuwa leso ingali ya Abdulla. Mfanyabiashara ametambuliwa, na mwenye nguo ameachiwa usemi wake.

Kwenye kipakatalishi mambo yamepinduliwa. Tangazo ndilo limekalia mahali pa usemi. Athari yake twaiona vyuoni, ambako mwanafunzi hupimwa kwa nembo ya kifuniko kabla hajafungua kinywa, na mwenye mashine ya mitumba huketi nyuma ya ukumbi akiificha. Nembo inayong'aa pia humtangazia mwizi bei ya mzigo kabla hajaufungua.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, anayenunua vipakatalishi kwa niaba ya ofisi au chuo adai viletwe bila vibandiko vya matangazo. Pili, kila mtu avibandue vile vya kando ya kibodi, lakini asiguse lebo za chini zenye nambari ya mashine, maelezo ya umeme au, katika mashine za kabla ya mwaka wa 2012, ufunguo wa leseni ya mfumo endeshi. Tatu, wanaounda mashine hapa kwetu wajifunze kwa leso. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilipounda kipakatalishi chake katika muongo wa 2010, kilikiita Taifa. Jina hilo la Kiswahili lilikuwa hatua njema. Hatua inayofuata ni kuliweka jina kama hilo ukingoni, kwa unyenyekevu, na kumwachia mwenye chombo uso wa kifuniko aandike lake, au asiandike kitu.

Anayelipa ndiye mwenye mali, na mwenye mali ndiye mwenye kauli.