Paa Hutangulia Kuta?
Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga. Methali hii yazihusu hata timu za besiboli za Marekani zinazojijenga upya. Je, zitoe chipukizi wao ili zipate wachezaji waliokwisha kubobea?

Tuitazame San Diego. Mwaka wa 2014 ilishinda mechi 77. Kisha ikatoa chipukizi kadhaa, akiwemo Trea Turner, ili kuwapata akina Wil Myers na Justin Upton. Mwaka wa 2015 ikashinda 74 tu, naye Turner akaja kutwaa ubingwa na Washington mwaka wa 2019.

Kuna watakaouliza: mbona Houston ilitoa chipukizi watatu mwaka wa 2017, ikampata Justin Verlander na kuwa bingwa? Naam, ingawa ubingwa huo ulitiwa doa baadaye na kashfa ya wizi wa ishara. Lakini Houston, iliyoshindwa mechi 111 mwaka wa 2013, ilikuwa imewalea vijana wake wakakomaa, na tayari iliongoza kundi lake.

Mashabiki hudai ushindi wa leo. Deni hulipwa kesho, nao ndio walipaji. Anayejenga upya na asubiri. Paa hununuliwa kuta zikisha kusimama.