Jawabu Lisomwalo na Walionyamaza

Aandikapo mtu wa Mombasa katika mitandao ya kijamii ya kuwa asubuhi amekaa saa nzima akingoja feri Likoni, hakawii kutokea wa kumjibu, tena si kwa habari ya feri, bali kwa habari ya nasaba yake: "Rudi kwenu bara!" Hapo ghadhabu humpanda, naye aliyekuwa akilalamikia usafiri hugeuka kutafuta tusi kali kuliko alilotukanwa, na punde si punde watu chungu nzima wanatukanana makabila, wala hapana amkumbukaye abiria wala feri yake.

Toleo hili tumeliweka wakfu kwa adabu ya kujibizana, na rai yetu ni kwamba jawabu la staha haliandikwi kwa ajili ya aliyetukana, bali kwa ajili ya halaiki isomayo kimya, ambayo haikuandika neno wala haitaandika, nayo ndiyo hakimu. Lau abiria yule angalijibu, "Kwetu ni Mtongwe, ndugu yangu; lakini hata ningekuwa mgeni wa jana, je, feri ngapi zilikuwa zikivusha watu asubuhi ya leo?" asingalikuwa amenyenyekea hata chembe. Angaliirudisha hoja mahali pake, akamwacha mwenziwe ama ajibu ama anyamaze mbele ya kadamnasi. Nasi twashikilia ya kuwa huo nao ni ukali, tena ukali ushindao matusi.

Wala vijana wetu wasidhani ya kwamba wazee wao walikuwa wapole wa ulimi. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, aliwachoma watu wa Lamu kwa mashairi katika zama za uhasama uliofikia vita vya Shela, na washairi wa Lamu hawakumnyamazia. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa malumbano ya watunzi. Lakini aliyetaka kumjibu mwenziwe gazetini alilazimika kutimiza mizani nane kwa nane, alinganishe vina, kisha aitie barua posta na kungoja toleo la mwezi mwingine. Na aghalabu, katika kuhangaikia kina cha kati, hamaki hupoa ikabaki hoja. Sanaa yenyewe ilimfunza mtu subira, atake asitake.

Simu imetuondolea muhula huo. Tena wenye mitandao wamepata kuituza hasira: mwaka 2017 Facebook iliipa alama ya uso wa ghadhabu uzito mara tano ya ule wa kupenda, katika kuchagua yatakayotangulizwa mbele ya macho ya watu, na ni mwaka 2020 ndipo uzito huo ulipofutwa kabisa. Kwa hiyo muhula sharti tujitungie wenyewe, hata ikiwa ni kuliacha jawabu lilale hadi baada ya sala ya alfajiri.

Vitisho vya kuuawa ni jambo jingine. Hivyo havijibiwi kwa hoja: huhifadhiwa nakala vikapelekwa polisi, kwani sheria ya makosa ya mtandaoni ipo, Tanzania tangu 2015 na Kenya tangu 2018, ijapokuwa sheria hizo nazo zimelalamikiwa kwa kuwabana wakosoaji wa haki.

Ama barua za kutupinga sisi, tutazichapa, hata zikiwa kali namna gani. Na ile itakayotaja kabila la mtu mahali pa hoja tutamrudishia mwenyewe aitengeneze, naye atakuwa na mwezi mzima wa kufanya hivyo.