Kuzaliwa si kosa la mtoto

Yupo kiumbe katika filamu moja ya katuni ya Kijapani anayeuliza swali ambalo watoto wengi hulimeza kimyakimya: Mimi ni nani, na nani aliomba nizaliwe? Kiumbe huyo anaitwa Mewtwo. Filamu yenyewe ni ile ya kwanza ya Pokémon, iliyotoka Japani mwaka 1998 na kutengenezwa upya mwaka 2019. Kama nyumbani una mtoto au mjukuu anayeshika simu, huenda anamfahamu Mewtwo kuliko anavyomfahamu nabii Amosi.

Najua wapo Wakristo wanaokunja uso wakilisikia jina Pokémon. Ni kifupi cha maneno yenye maana ya “mazimwi ya mfukoni”, na wapo waliohubiri kwamba humo mna pepo. Mpendwa msomaji, Mtume Paulo alipofika Athene alikuta mji umejaa sanamu. Moyo ulimchoma, lakini hakuondoka. Alitafuta mahali ambapo watu wale walikuwa wanauliza swali la kweli, akaanzia hapo (Mdo 17). Na sisi tuanzie hapo.

Sikiliza kisa chake. Wanasayansi wanapata mabaki ya Pokémon wa kale aitwaye Mew. Kutokana na mabaki hayo wanatengeneza nakala yenye nguvu zaidi, wanaiita Mewtwo, yaani Mew wa pili. Anaamka ndani ya chombo kikubwa cha kioo kilichojaa maji. Anauliza yeye ni nani. Wanamweleza jinsi alivyotengenezwa, kisha wanapongezana na kupanga majaribio yatakayofuata. Kwa hasira anaiteketeza maabara nzima.

Baadaye anatokea Giovanni, mkuu wa genge la wahalifu. Anamvisha deraya, anampeleka vitani, anamtumia. Mewtwo anapouliza tena maana ya maisha yake, anajibiwa kwamba aliumbwa na binadamu ili amtumikie binadamu. Waliomtengeneza walimwona kuwa ni kazi ya mikono yao. Aliyemchukua alimwona kuwa ni silaha. Hakuna aliyemwona yeye mwenyewe.

Filamu hii ilitoka wakati dunia ikibishana juu ya kondoo Dolly, aliyezaliwa Scotland mwaka 1996 kwa kunakiliwa kutoka seli ya kondoo mwingine. Lakini Kanisa lilikuwa limeshasema neno. Mwaka 1987 Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa hati iitwayo Donum Vitae, yaani Zawadi ya Uhai. Hati hiyo ilikataa mtu kutengenezwa maabara kama bidhaa. Hapohapo ikafundisha kwamba mtoto akishakuja duniani, kwa njia yoyote ile, ni lazima apokelewe kama zawadi hai ya wema wa Mungu na kulelewa kwa upendo. Mafundisho hayo mawili yanakwenda pamoja. Njia inaweza kuwa mbaya, mtoto hawezi kuwa mbaya kwa sababu ya njia.

Utasema, “Padri, huku kwetu hakuna anayenakili watu.” Ni kweli. Lakini wapo watoto wengi miongoni mwetu wanaohesabiwa kwa namna walivyokuja. Yupo aliyezaliwa mama yake akiwa bado shuleni. Yupo aliyepatikana kwa kubakwa. Yupo ambaye baba alimkana, na yupo aliyeletwa nyumbani siku ya msiba wa baba, ndugu wakaanza kuulizana huyu naye ametoka wapi. Tumewatengenezea majina: mtoto wa nje, mwanaharamu. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, wakamkinga mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba. Swali langu leo ni hili: je, aliyezaliwa nje ya kitanda hicho tumkinge na nini?

Biblia haikuficha habari za watoto wa namna hii. Fungua Kitabu cha Waamuzi, sura ya 11. Utamkuta Yeftha, shujaa, mwana wa Gileadi aliyezaliwa na kahaba. Ndugu zake wanamfukuza ili asirithi, kwa kuwa ni mwana wa mwanamke mwingine. Anakimbilia nchi ya Tobu, na huko wanamkusanyikia watu wasiofaa. Sishangai. Aliyefukuzwa mezani hula popote anapokaribishwa. Kisha Waamoni wanaleta vita, na wazee walewale wanamfuata Yeftha awe jemadari wao. Alipohitaji urithi hakuwa ndugu. Walipohitaji mpiganaji akawa ndugu. Naye anawauliza waziwazi: si ninyi mlionichukia mkanifukuza?

Ndugu yangu, angalia kama Giovanni haishi nyumbani kwako. Mtoto wa marehemu dada amechukuliwa “alelewe”, lakini ndiye anayechota maji, kufua na kulala mwisho. Ada ya watoto wengine ipo, yake haipo. Mwingine hakumbukwi kwenye sherehe yoyote, mpaka siku apate kazi mjini. Hapo simu zinaanza kuingia, na kila mtu anakuwa shangazi yake.

Wanafunzi wa Yesu nao walikuwa na swali la kwetu. Walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Alisema imekuwa hivyo ili kazi za Mungu zionekane ndani yake (Yn 9). Wao walitazama nyuma, kule mtu alikotoka. Yesu alitazama mbele, kile ambacho Mungu anaweza kufanya kwa mtu huyo. Naye Bwana mwenyewe, ukisoma ukoo wake katika Mathayo sura ya kwanza, utawakuta Tamari, Rahabu, Ruthu na yule aliyekuwa mke wa Uria. Mwinjili angeweza kuwaruka. Hakuwaruka.

Hata Kanisa lilichukua muda kujifunza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwekea mwana aliyezaliwa nje ya ndoa kizuizi cha kupokea Daraja Takatifu, ambacho mara nyingi kilihitaji ruhusa maalumu kuondolewa. Sheria ya mwaka 1983 haina tena kizuizi hicho. Lakini hata katika miaka ile ya ukali, Mungu alikuwa na orodha yake. Mtakatifu Martin de Porres alizaliwa Lima, Peru, mwaka 1579, mama yake akiwa mwanamke mweusi aliyekombolewa utumwani na baba akiwa bwana wa Kihispania. Katika kitabu cha ubatizo iliandikwa kwamba baba hajulikani. Kwa Wadominikani alianza kama mtumishi wa kufagia. Mwaka 1962 Papa Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu. Baba hakujulikana kwenye kitabu, lakini mwana anajulikana duniani kote.

Je, kwa kusema haya naidharau ndoa? Hapana. Uzinzi unabaki dhambi, na mwanamume anayekimbia mimba anabaki mkosaji mbele ya Mungu na mbele ya watu. Kosa la wazazi lina sakramenti yake, nayo ni Kitubio. Mtoto hana cha kuungama kuhusu siku aliyotungwa mimba. Ndiyo maana Papa Fransisko, katika mahubiri ya Mei 2013, alisikitika juu ya msichana asiye na mume anayeleta mtoto abatizwe, akakuta mlango umefungwa. Msichana yule angeweza kuitoa mimba. Hakuitoa. Sisi tunaohubiri kutetea uhai tutampa ujumbe gani tukimfungia mlango?

Turudi kwa Mewtwo. Mwishoni mwa filamu anapigana na Mew, na nakala alizozitengeneza zinapigana na viumbe wa asili, kila upande ukitaka kuthibitisha kuwa ndio halali. Wanapigana mpaka wanaishiwa nguvu. Kijana Ash anakimbilia katikati kuwazuia, anapigwa na nguvu za pande zote mbili, anageuka jiwe. Viumbe wote wanalia, wa asili na wa nakala, na machozi yao yanamrudishia uhai. Ukiyatazama machozi yale huwezi kujua lipi ni la halali na lipi si la halali. Katika toleo la Kiingereza, Mewtwo anakiri kwamba namna mtu alivyozaliwa si kitu, bali anachokifanya na zawadi ya uhai.

Mkristo anaongeza neno moja. Kabla mtoto hajafanya lolote, tayari ana thamani, kwa sababu Mungu alimjua kabla hajamwumba tumboni (Yer 1:5). Na yuko mmoja aliyesimama katikati yetu kweli, si katika katuni, akaubomoa kwa msalaba wake ukuta wa uadui (Efe 2:14).

Jambo moja Mewtwo alifanya ambalo sisi hatuliwezi: alifuta kumbukumbu za wote waliokuwapo, kisha akaondoka na wenzake. Kumbukumbu za mtoto aliyeitwa haramu mbele ya wageni hazifutiki. Hata Bwana mfufuka alibaki na alama za misumari. Zinapona kwa maneno mapya yanayorudiwa mara nyingi na mtu yuleyule aliyejeruhi.

Basi leo ukitoka Misa, kama nyumbani kwako yupo mtoto wa namna hiyo, mwite kwa jina lake. Mwambie ni wako. Mkitengeneza wosia, mwandikeni. Kama ulimkana miaka iliyopita na sasa ni mtu mzima, nenda ukamtafute. Usiende kwa kuwa amepata kazi. Nenda kwa kuwa ni mwanao, naye bado anasubiri jibu.