Kabla Hujampa Fundi Flashi

Mama mwenzangu, kama kwenu mna filamu ya zamani mnayotaka kuichanganya na video za simu, ngoja kwanza nikusimulie.

Jirani yangu hapa Kitendaguro alitimiza miaka 50 ya ndoa mwaka 2022. Watoto wake wakapata kutoka Uswidi filamu iliyopigwa na mmisionari upande wa Muleba mwaka 1974, siku ya ubatizo wa kifungua mimba wake. Jamaa za yule mmisionari walikuwa wameshaihamishia kwenye flashi. Ikapelekwa mjini kwa kijana wa kompyuta aiunganishe na video walizopiga wajukuu.

Tulipokaa sebuleni kuitazama, wengi tulicheka. Watu walitoka kanisani mbio mbio kama wanakimbia mvua, na mchungaji alikuwa mfupi, mnene kama pipa. Juu yake, wimbo wa siku hizi. Jirani yangu hakucheka. Alingoja mpaka mwisho, akauliza, "Mtoto wangu yuko wapi?"

Mtoto yule alifariki kwa surua mwaka 1975. (Sisi wauguzi wa umri wangu tuliyasikia sana hayo kwa waliotutangulia kazini, ya miaka ile kabla chanjo haijaenea.) Picha yake nyingine haipo. Kijana alikikata kipande kile kwa sababu kilikuwa cha giza na kilitikisika. Simlaumu. Nani alimwambia? Tulimpa flashi tu, kama mtu anayempelekea fundi kitambaa bila vipimo.

Bahati njema flashi haikuwa imefutwa. Safari ya pili nilikwenda naye, nikakaa kando ya kijana. Filamu ile ni ya aina ya Super 8, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965. Kwa kawaida kamera zake zilipiga picha 18 kwa sekunde, na simu nyingi hupiga 30. Kompyuta isipoelezwa, dakika nzima ya filamu inakwisha kwa sekunde 36, ndiyo maana watu wanakimbia. Tena picha yake inakaribia mraba. Ukiivuta ijaze kioo kipana cha leo, watu wananenepa. Mwambie fundi aache weusi pembeni, hauumi mtu. Rangi iliyofifia mimi ningeiacha pia, ila binti wa jirani alitaka ing'arishwe kidogo, tukakubaliana kidogo. Na filamu nzima, bila kukatwa, ikanakiliwa mahali pengine pawili. Msiitumiane kwa WhatsApp tu, picha hupungua ubora.

Filamu haikuwa na sauti. Wimbo tuliuondoa, tukamketisha mama mbele ya picha, tukamrekodi kwa simu akieleza nani ni nani: huyu shangazi, yule mwalimu, kibanja kile kimeshauzwa. Alipofika kwenye kipande cha giza alinyamaza muda mrefu, kisha akataja jina la mtoto.

Kijana aliuliza kama aukate ule ukimya. Tukamwambia auache.